Alhamisi Katika Maktaba ya Wanaume

"Muhtasari si unao? Hayo mengine unayatakia nini?"

Ami, ndugu wa baba niliyekaa kwake Riyadh, aliniuliza hivyo ndani ya pikapu yake, asubuhi ya Alhamisi, tulipokuwa tunatoka mtaani Manfuha kwenda chuoni. Niligeuza uso dirishani, nikatazama vumbi la majengo mapya lililotanda juu ya mji, nikanyamaza. Mimi, ambaye mama alikuwa akinifinya paja kwenye maulidi ili nisimuulize mwalimu swali.

Muhtasari nilikuwa nao kweli. Ilikuwa mistari michache ya Kiingereza niliyoinakili kutoka kitabu kinene cha faharasa, ikieleza makala moja juu ya meli za mahujaji wa zamani na karantini ya Jeddah. Makala yenyewe, kurasa zake zote, ilikuwa katika maktaba kuu ya chuo. Na maktaba kuu ilikuwa ya wanaume.

Sisi wasichana tulikuwa na jengo letu upande mwingine wa mji, lenye ukuta mrefu na lango la chuma. Ndani yake palikuwa na chumba tulichokiita maktaba. Kilikuwa na kamusi, vitabu vya fasihi vilivyochakaa, na hizo faharasa, ambazo zilikuwa zinatuonyesha vitu tusivyoweza kuvifikia. Ukitaka kitabu cha maktaba kuu, unajaza kijikaratasi, unakitia kwenye sanduku la mbao. Kila siku dereva wa vitabu anakuja na kigari chake, anachukua vijikaratasi na kuleta vitabu vilivyopatikana. Hatukumjua sura. Tulimjua sauti tu. Alipokaribia mlango alipaza sauti, "Tariiq! Tariiq!", yaani njia, njia, kama wanaume wa Jeddah wanavyofanya wakipanda ngazi za nyumba wanazokaa familia nyingi, ili mwanamke aliye karibu ajifunike au ajiondoe. Nasi tulikimbia kutoka mlangoni, yeye akaweka sanduku chini, akageuka, akaenda zake.

Kijikaratasi changu kilirudi na neno moja: mafi. Hakuna. Nikajaza kingine. Mafi. Nikajaza cha tatu, nikaandika na nambari ya juzuu kwa herufi kubwa. Safari hii mtu aliniandikia kwa kalamu nyekundu kwamba majarida yaliyojalidiwa hayatoki nje ya jengo.

Sijaeleza nilikuwa naitafutia nini makala hiyo. Profesa wetu wa historia alikuwa Mmisri, na tulimwona kwenye televisheni. Alikaa kwenye chumba chake upande wa wanaume, kamera ikamwelekea, nasi tukamtazama kwenye kioo huku yeye hatuoni. Mezani kwetu palikuwa na simu. Mwenye swali aliinua mkono wa simu, na sauti yake ikamfikia mwalimu. Siku moja alisema kwamba kipindupindu kililetwa Hijazi na mahujaji waliotoka pwani ya Afrika. Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayesema maji ni baridi. Nikanyanyua simu.

"Daktari, umejuaje?"

Alitabasamu kwa kamera. "Nani anauliza?"

"Mtu wa pwani ya Afrika."

Darasa zima likacheka. Yeye pia alicheka, kisha akataja jarida na juzuu. "Kasome mwenyewe, binti wa pwani."

Rafiki yangu, msichana wa hapo hapo Riyadh aliyekaa kiti cha jirani, aliniegemea sikioni. "Wewe siku Izraili akija kukuchukua utamuuliza ushahidi wake."

"Kwa nini nisimuulize?" nikamwambia. "Akikosea nyumba je?"

Basi ndiyo hivyo. Watu wetu walikuwa wamesingiziwa, au hawakusingiziwa, nami nilitaka kujua. Insha yangu ya mwisho wa muhula ingekuwa juu ya hilo. Mistari ya muhtasari ilikuwa inasema maneno yale yale ya profesa, kwa kifupi, bila kuonyesha yametoka wapi. Hilo ndilo lililoninyima raha. Lakini ningemwambiaje Ami, ambaye alikuwa dereva wa kampuni ya ujenzi na alikuwa ameomba ruhusa kazini ili anipeleke?

Palikuwa na njia moja. Kila Alhamisi asubuhi maktaba kuu ilifungwa kwa wanaume na kufunguliwa kwa wanawake. Basi lenye mapazia lilitutoa kwenye jengo letu, likatushusha kwenye mlango wa maktaba, na kabla ya adhana ya adhuhuri sote tulitakiwa tuwe tumetoka. Baada ya sala wanaume wanarudi. Asiyetoka kwa wakati, tuliambiwa, jina lake litapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kwa wenzangu kamati ilikuwa aibu. Kwangu mimi ilikuwa kitu kingine. Miaka ile fedha ya mafuta ilikuwa inamwagwa nchini kama zege, na chuo kilikuwa na nafasi, lakini binti wa mgeni hakuingia kwa alama zake peke yake. Kafili wa baba yangu, mfanyabiashara wa Jeddah aliyetushikia ikama, vibali vyetu vya kuishi nchini, ndiye aliyeniandikia dhamana. Baba alikuwa karani wake bandarini, wakati meli za saruji zimejipanga baharini zikingoja zamu mpaka, alivyosema baba, saruji inaganda humo humo. Siku aliyonisindikiza uwanja wa ndege hakunipa nasaha za kusoma kwa bidii.

"Wenzako wakikosea, wanaitwa baba zao," aliniambia. "Wewe ukikosea anaitwa kafili. Na kafili akiitwa, ataifuta ikama ya nani?"

"Yako."

"Yangu, na ya mama yako, na ya wadogo zako. Halafu twende wapi? Unguja tuliondoka usiku, hatukuaga mtu. Unafahamu?"

"Nafahamu, Baba."

"Sasa uliza maswali yako. Lakini uliza ukiwa umekaa mahali unapotakiwa uwe umekaa."

Nilikuwa na maneno hayo tumboni kila siku niliyokaa Riyadh. Asubuhi nikiamka nilikuwa nayo kabla ya njaa.

Aliyetusimamia siku za Alhamisi alikuwa mushrifa, mwanamke wa makamo aliyetembea na funguo zikigongana kiunoni. Tulimwogopa kuliko kamati yenyewe. Alikaa mlangoni na meza yake. Ukiingia, unamwachia kadi yako ya uanafunzi, na ukitoka unaichukua. Kadi zikiisha mezani, yeye huzima taa, hufunga mlango, na kumkabidhi mlinzi wa kiume funguo kwa kuziacha juu ya kizingiti. Utaratibu ulikuwa mzuri. Wasichana tuliuharibu wenyewe, kwa sababu ya jua. Kusimama foleni mmoja mmoja kuchukua kadi, huku basi linachemka nje, ilikuwa taabu, hivyo tukazoea kwamba mmoja anakwenda kuchukua kadi za kundi lake lote, wengine wanapita moja kwa moja hadi garini. Mushrifa alituacha. Ndani ya mabaibui na nikabu, nani angejua ni nani aliyepita?

Alhamisi ile kadi za kundi letu zilikuwa zamu ya rafiki yangu.

Majarida yalikuwa chini ya ardhi. Ukishuka ngazi unakuta rafu za chuma zimepangana hadi darini, na njia nyembamba katikati yake, na kiyoyozi kikubwa kinachonguruma kama mashine ya kusaga. Mashine ya kutolea nakala ilikuwepo kwenye kona, ila mfanyakazi wake alikuwa mwanamume, kwa hiyo siku yetu ilikuwa imefunikwa kitambaa. Ukitaka kitu, unanakili kwa mkono.

Juzuu niliipata. Ilikuwa imekaa mahali pake kabisa, na vumbi juu yake. Nikakaa chini sakafuni baina ya rafu mbili, nikafunua nikabu, nikaanza kunakili.

Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba sijawahi kusoma kitu kwa furaha kama ile. Sentensi ya profesa niliiona kwenye ukurasa wa pili. Lakini haikuwa ya mwandishi wa makala. Ilikuwa imenukuliwa kutoka kwa daktari mmoja wa karantini, na mwandishi aliinukuu ili aitilie shaka. Kurasa zilizofuata alikuwa anauliza: meli zipi? zilitoka wapi kwanza? nani aliziandika, na alikuwa na sababu gani ya kuziandika hivyo? Mwandishi yule, mtu nisiyemjua, alikuwa anauliza maswali yangu. Muhtasari uliyameza yote ukabakisha tuhuma tupu. Nikaandika, mkono ukaniuma, nikaandika. Kengele ya mushrifa ilikuwa ya mkono, ya kuitikisa, na ilikuwa juu. Mimi nilikuwa chini na kile kiyoyozi.

Nilichosikia ni adhana. Ilikuja kwa mbali, ikichujika kwenye saruji, na mwanzo sikuielewa, nilidhani ni sehemu ya ngurumo. Kisha nikaielewa.

Nilipanda ngazi mbio. Ukumbi ulikuwa mtupu, taa zimezimwa, viti vimesukumwa chini ya meza. Meza ya mushrifa haikuwa na kadi hata moja. Mlango mkubwa wa kioo ulikuwa umefungwa, na nje yake mlinzi alikuwa amejiinamia kwenye bomba anatawadha, amenipa mgongo.

Nilitaka kugonga kioo. Nilinyanyua mkono kabisa. Lakini kichwani nikamwona tayari akigeuka, ananiona, anapiga kelele, anaita mwenzake. Na mwenzake anauliza jina. Na jina linaandikwa. Mlinzi asingekuwa na la kufanya zaidi ya hilo hata kama angenihurumia. Mwanamke peke yake ndani ya jengo la wanaume, mlango umefungwa kwa nje. Wangeuliza alikuwa anamngoja nani. Nani angeamini kwamba alikuwa anangoja ukurasa?

Nikateremsha mkono. Nikarudi chini.

Nilijiambia nifikiri. Ndicho nilichojivunia siku zote, kufikiri. Ami atakuja kunichukua kwenye lango la jengo letu alasiri. Asiponikuta atauliza bawabu, bawabu atamuuliza mushrifa, mushrifa atatazama, na habari itapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Jeddah, mpaka kwenye meza ya kafili. Kwa hiyo nilitakiwa nitoke kabla ya alasiri, na nitoke bila kuonekana. Hapo fikra ikakwama. Nilisoma Ayatul Kursiy. Nilikuwa nimeanza miaka ile kujiuliza dua husikilizwa na nani na kwa utaratibu gani, lakini pale niliisoma bila kuuliza, nikairudia, nikakosea katikati nikaanza upya.

Mlango wa juu ukafunguka. Miguu, sauti, vicheko vya wanaume waliotoka kusali. Taa za chini zikawaka zote kwa mpigo.

Nilivua viatu nikavishika. Nikasogea mpaka mwisho kabisa, kwenye magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa kamba, ambako niliamini hapana mtu anayekuja, nikajibanza kwenye pembe. Rafu za chini zilikuwa wazi. Kupitia uwazi ule niliona sakafu yote, na muda si mrefu nikaona viatu. Makubadhi mawili ya ngozi, na jozi ya viatu vyeusi vya kufunga kamba. Walikuja mpaka rafu ya tatu kutoka kwangu, wakasimama.

"Unasikia?" alisema mwenye makubadhi.

"Nini?"

"Udi."

Mke wa Ami alikuwa na desturi ya kwao na kwetu: kila Alhamisi alifukiza nguo zote za nyumba, maana usiku wake ni wa kuamkia Ijumaa. Baibui langu lilikuwa limelala juu ya chetezo tangu alfajiri mpaka nilipolivaa. Nilinukia kama bibi harusi.

"Wanawake walikuwa humu asubuhi," alijibu mwenzake. "Harufu imebaki."

"Imebaki mpaka sasa? Na kiyoyozi hiki?"

"Wallahi, mtu umeoa juzi tu na tayari huwezi kusoma gazeti bila kunusa."

"Sinusi. Nasema tu ipo. Iko huku."

Makubadhi yakageuka kuelekea kwangu. Nililivuta baibui nikalikusanya mapajani, kana kwamba harufu ni kitambaa, naweza kuikunja. Hatua moja. Nyingine. Nilifumba macho kama mtoto. Niliwaona wadogo zangu kwenye foleni ya bandarini na mabegi. Niliona uso wa baba, na hakuwa ananigombeza, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Tariiq!"

Sauti ilitoka juu ya ngazi. "Tariiq! Tariiq!"

Nilifumbua macho. Makubadhi yalikuwa yamesimama.

"Huyu mzee naye," alisema mwenye makubadhi, "anamwambia nani njia? Kuna wanawake gani humu?"

"Mazoea. Anakuja na sanduku lake. Njoo, jarida lako lile pale, chukua twende juu, huku baridi inaua."

Wakaenda. Nilisikia wanapishana naye ngazini, mmoja akimtania, "Ya ammi, ewe mzee wetu, hapa si nyumbani kwako!" na yeye akajibu bila haraka, "Mlango ni mlango, mwanangu."

Alishuka. Aliita tena, polepole sasa, akipita rafu moja moja, na kila alipofika mwanzo wa njia aligeuza uso ukutani kabla ya kuita. Hapo ndipo nilipojua kwamba ananiita mimi. Nilijifunika uso, nikavaa viatu, nikatoka kwenye pembe.

Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe, amebeba sanduku la mbao lile lile tulilolizoea. Hakunitazama. Aliuambia ukuta:

"Bint, una miguu?"

"Ninayo, ya ammi."

"Basi nifuate nyuma. Usiniache, usinipite. Usikimbie. Mwenye kukimbia hutazamwa."

"Ukumbini wamejaa watu."

"Wamejaa. Yalla, twende."

Karatasi zangu nilizitia kifuani chini ya baibui. Juzuu niliiacha sakafuni imefunuka, na kuna kurasa za mwisho nilikuwa sijazifikia. Nilizitazama. Naapa nilizitazama, hata wakati ule.

Tulipanda. Kwenye kizingiti cha ukumbi alisimama, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka nikashtuka mimi niliyekuwa nyuma yake.

"Tariiq! Tariiq! Ya Satir!"

Alimwita Mwenye Kusitiri, na likatokea jambo ambalo mpaka leo naliona. Ukumbi mzima wa wanaume, vijana wa chuo, walimu wenye miwani, wote waliinamisha vichwa. Hawakufikiri. Wamelelewa na sauti ile tangu ngazi za nyumba za mama zao. Ikiitwa, macho yanashuka kabla akili haijauliza ni kwa nini. Wengine walijigeuza kabisa wakatazama rafu. Tukapita katikati yao, mzee mbele na sanduku lake, mimi nyuma, na sikuona uso hata mmoja. Niliona visogo na makofia na mikono juu ya kurasa. Karatasi kifuani zilikuwa zinalia kila nilipopiga hatua, nami nikadhani kila mtu anazisikia. Mwenye makubadhi alikuwa meza ya mwisho. Miguu yake ilikuwa imetulia kabisa. Nilipopita karibu naye alisema kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa, "Udi," kama mtu aliyeshinda ubishi. Mwenzake akamkanyaga.

Mlinzi alikuwa amegeukia barabarani.

Kigari cha vitabu kilikuwa mlango wa nyuma. Aliniweka huko nyuma kati ya masanduku, akafunga turubai, akaendesha. Ndani mlikuwa na giza na joto, na kila tuliposimama kwenye taa za barabarani nilidhani tumesimamishwa na polisi. Nilijua kwamba sasa ni hatari zaidi kuliko mwanzo, maana sasa tuko wawili, na yeye pia alikuwa mgeni wa ikama, nilimsikia lafudhi ya Yemen. Nilitaka kumuuliza alijuaje. Sikumuuliza. Labda ndiyo mara ya kwanza maishani.

Kwenye lango letu aligonga, akaita kama siku zote, na bawabu, bibi kizee, akafungua akidhani ni vitabu. Nilijipenyeza pembeni yake nikaingia. "Ulikuwa wapi wewe?" alisema. Nikamwambia nilikuwa naangalia kama Ami amefika. Ami alifika punde. Alinitazama mara moja, akatazama tena.

"Umelia?"

"Vumbi."

"Halas, basi, vaa miwani," akasema, akatia gia.

Jumamosi rafiki yangu alinirudishia kadi yangu. "Uliiacha kwangu," alisema, akawa anatafuta kitu mkobani. Hakuniuliza nilirudi na nani, nami sikumwambia. Nilifikiri amedhani kwamba Ami alinichukua kule kule maktaba. Mimi mwenye kuuliza kila kitu nilishukuru tu kwamba haulizi.

Wiki zilizofuata niliishi kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Simu ya darasani ikilia, nilitazama mlango. Barua ya baba ikija, niliishika muda mrefu kabla ya kuifungua, na ndani mlikuwa na salamu na habari za meli. Mushrifa akipita na funguo zake niliinama kwenye daftari. Mara moja alisimama nyuma ya kiti changu, akakaa hapo kitambo. Nilihisi pumzi yake. Kisha akasema, "Andika wima, mgongo utakupinda," akaenda.

Insha niliiandika, na nilipofika mwisho wa kurasa nilizonakili niliandika wazi kwamba makala inaendelea na sikuimaliza. Siku ya kujadili insha nikanyanyua simu.

"Daktari, ile sentensi si ya mwandishi. Mwandishi anaipinga. Iko ukurasa wa pili."

Alikuwa anatazama kamera, yaani alikuwa anatutazama, lakini haoni kitu. Aliivua miwani yake akaifuta.

"Ni wewe, binti wa pwani?"

"Ni mimi."

"Makala nzima umeipata wapi?"

Nikahisi darasa lote limenigeukia. Rafiki yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Maktaba, Daktari. Siku yetu."

"Mimi nilisoma muhtasari," alisema polepole. Hakuona haya kulisema, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mihadhara yake yote. Alinipa alama nzuri, akaagiza makala hiyo kutoka ng'ambo kwa ajili ya maktaba yetu sisi. Nakala ilifika kwa posta baada ya miezi, imebanwa pini, na kurasa za mwisho zimo. Nilizisoma nimekaa kwenye kiti halali, mchana kweupe, huku mgongo wangu umeegemea ukuta ili nione mlango.

Maktaba kuu sikushuka tena chini. Alhamisi nilikuwa nakaa juu, karibu na meza, na nilichukua kadi yangu kwa mkono wangu.

Muhula uliofuata mushrifa hakurudi. Alikuja mwingine, kijana, asiye na sauti. Wasichana walifurahi, mmoja alileta basbusa, tukala kwenye ngazi na kuigiza mwendo wa funguo za yule wa kwanza. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilihisi kama shahidi wa mwisho ameondoka mjini. Mzee wa vitabu aliendelea kuita mlangoni mpaka nilipohitimu, na kila alipoita nilisimama nyuma ya wenzangu nikamjibu kimoyomoyo.

Nilirudi Jeddah. Baba alistaafu na ikama yake mfukoni. Miaka mingi ilipita, nikawa nafundisha, mimi ndiye wa kuwaambia vijana wasiridhike na muhtasari. Rafiki yangu alikuja mjini kwetu kwa umra, akanitafuta, tukakaa sebuleni na kahawa. Katika mazungumzo akasema kwamba yule mushrifa wetu amefariki, Mungu amrehemu, na kwamba yeye sasa yuko huru kuniambia jambo ambalo marehemu alimsimulia baadaye na kumwapisha asiliseme.

Siku ile alipofika nyumbani kwao alikuta kadi mbili mkobani badala ya moja. Akampigia simu mushrifa nyumbani kwake, analia. Mushrifa akamwambia: "Hukunipigia, na mimi sikukusikia," akakata. Kisha akaipigia maktaba, akaomba aitiwe mzee wa vitabu, akamwambia kuna sanduku limesahauliwa chini kwenye majarida, alichukue kwa kuita njia. Mume wa mushrifa alikuwa chumba cha pili. Alimsikia mkewe, Alhamisi mchana, siku ya mapumziko kule, akinong'ona kwenye simu na mwanamume, akamtaka aeleze. Hakueleza, na mume akamkataza kazi tangu siku hiyo. Muhula ule aliumalizia tu kwa sababu chuo kilikuwa hakijapata mtu wa kushika funguo.